Gazania Kando ya Ukuta

Mimba ya Nosim ilitoka Aprili, ikiwa na miezi mitano. Mume wake, Yohana, alikaa naye wiki moja, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kuwaendesha watalii ndani ya kreta, bonde la volkano lenye wanyamapori, ambako hulala kambini. Nosim akabaki kijijini Ganako na mama mkwe wake, Bibiana, Mwiraqw wa maneno machache. Kwao Nosim ni Nainokanoka, huko juu kwa Wamaasai, na siku hizo alipatamani kuliko chakula.

Bibiana, akitaka mkwewe apate cha kushughulika nacho, alimpa miche ya gazania, maua mafupi ya rangi ya chungwa yanayotambaa ardhini na kuchanua karibu mwaka mzima. Nosim aliipanda chini ya mparachichi, karibu na bomba, akaimwagilia asubuhi na jioni ingawa mvua bado zilikuwepo. Baada ya wiki tatu majani yakawa ya manjano, mashina yakalegea.

"Mama, mkono wangu unaua," alisema, amechuchumaa. "Kila ninachokilea kinakufa."

Bibiana aling'oa mche mmoja, akamwekea kiganjani. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza.

"Nusa."

"Imeoza."

"Imezama. Haya yanataka jua, na udongo usiotuamisha maji. Nilikuona ukipanda hapa, nikanyamaza. Kosa ni langu."

Nosim aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mtoto?"

Bibiana aliketi palepale kwenye tope, na gauni lake la kanisani. "Kabla ya Yohana nilizika wawili. Hakuna aliyeniambia kwamba si mimi. Nakwambia wewe: si wewe, mwanangu."

Walilia wameshikana, mpaka kuku wakaja kudonoa miche iliyobaki. Wakawafukuza. Wakachagua vichipukizi vizima, wakavipeleka kwenye mwinuko kando ya ukuta unaopigwa na jua kutwa, wakachanganya udongo na mchanga na kokoto. Wakamwagilia kidogo, wakaviacha.

Ua la kwanza lilifunguka mwezi wa saba, wiki ya baridi kali, jua lilipopenya ukungu saa nne.

"Yeyo!" Nosim aliita, kama anavyomwita mama yake mzazi. Kisha akajiziba mdomo kwa aibu.

Bibiana alikuwa ameshatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Niite hivyo hivyo," alisema, akaja kutazama.

Yohana alipofika jioni hiyo kwa mapumziko aliwakuta wamekaa kando ya ukuta bega kwa bega, wanaongea, na hakuna aliyekumbuka kupika.