Safu ya Nne

Bernardine Nkeshimana alikuwa mwalimu wa hesabu, na kama walimu wengi wa hesabu aliamini kwamba ukimwonyesha mtu namba, atanyamaza. Alikosea, tena vibaya, lakini tusimtangulie.

Alipokuwa mdogo huko Runingu, babu yake alizoea kusimulia jinsi Wazungu walivyombana kichwa kwa chombo cha chuma, wakapima, wakaandika, wakaondoka bila kumwambia walichokiona. Mzee alikufa na hamu yake ya kujua. Basi Bernardine alipotakiwa kuandika mémoire ya kumalizia masomo ya licence chuoni, hakuhangaika kutafuta mada. Angepima vichwa vya wanafunzi wa shule yake pale Uvira, avilinganishe na alama zao za mtihani, ubishi uishe: je, mwenye ubongo mkubwa ana akili zaidi?

Ubongo wenyewe hauonekani, kwa hiyo alipima mzingo wa kichwa kwa utepe wa fundi cherehani. Wanafunzi mia mbili na kumi na wanne walipanga mstari uani wakisukumana na kucheka. Pierre, mwalimu wa jiografia, aliyejaliwa kichwa cha kutosha watu wawili, alitaka naye apimwe, na watoto wakapiga kelele kwamba utepe hautafika.

Kwenye kaye, daftari lake la kazi hiyo, alichora safu nne: jina, sentimita, alama, na mahali familia inapotoka. Hiyo ya nne hakuna aliyeiomba. Profesa wake hakuiulizia, na hesabu haikuihitaji hata kidogo. Ila kwetu, tangu darasa la kwanza, hakuna fiche ya kujaza isiyokuuliza collectivité, groupement na kijiji, na mkono wake uliichora safu ile kama mkono unavyopiga ishara ya msalaba mbele ya sahani. Hakufikiri.

Akayapanga majina kuanzia kichwa kidogo hadi kikubwa, akapiga hesabu wiki nzima. Uhusiano ukatoka sufuri nukta sufuri saba. Kwa lugha ya sokoni, hakuna kitu. Kijana mwenye sentimita hamsini na nane alikuwa wa mwisho darasani. Alliance, msichana wa Bijombo kule milimani, aliyekaa benchi moja na Bella, binti wa Bernardine, alikuwa na hamsini na moja tu, na aliwashinda wote. Bernardine alifurahi hadi akacheka peke yake.

Lakini kwetu karatasi isiyo na muhuri si karatasi. Akaipeleka kaye kwenye ofisi moja ya mjini, ofisi gani tusiitaje, igongwe cachet kila ukurasa. Akaambiwa aiache siku mbili. Akaiacha, akashukuru, akapitia sokoni kununua ndagala.

Hiyo ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na sita. Septemba ilipoingia, mji uligeuka. Matangazo yalisema watu wa milimani waondoke. Vijana wenye fimbo walisimamisha wapita njia na kuwauliza babu zao walizikwa wapi. Familia za Bijombo zilifunga milango mchana kweupe. Shuleni nafasi tatu zilibaki wazi, kisha saba, na hakuna mwalimu aliyethubutu kuuliza sababu. Alliance bado alikuja, kwani baba yake alisema asiye na kosa haogopi. Bernardine alilisikia neno hilo likamuuma, maana yeye alikuwa ameanza kuogopa kwa niaba yao.

Ndipo akaikumbuka safu ya nne. Kaye ilikuwa imerudi zamani, imegongwa mihuri vizuri. Alipoifungua alikuta kazi ya mkono wake mwenyewe: watoto kumi na tisa, kila mmoja na jina lake, na mbele ya kila jina, Bijombo. Akaichoma jikoni kwenye mbabula ya makaa, ukurasa kwa ukurasa, na masomo ya miaka mitatu yakaenda na moshi. Hakujali. Aliamini amewaokoa. Maskini, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Octave alibisha hodi. Huyu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, wa kwanza kwa hesabu miaka miwili mfululizo, na sasa alikuwa karani katika ofisi ile ile. Alikuwa anatoka jasho, na mkononi alishika karatasi zilizopigwa mashine.

«Madame, unisamehe. Kaye yako tuliipiga ku mashini mbele ya kukurudishia. Bakubwa balisema itasaidia.»

«Itasaidia nani?»

Octave aliweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza. Kaneza Bella, 51,5. Na mwisho wa mstari: Bijombo.

«Minye najua Bella iko mutoto yako, na nyinyi muko batu ba Runingu. Lakini basoda habajui. Bao banafwata kartasi tu, na bako mu gari pale ku barabara. Unionyeshe kosa iko wapi, nitengeneze sasa hivi. Weye ulinifundisha, Madame. Siwezi kuacha mutoto yako akufe hivi.»

Alisema kweli, alikuwa amekuja kwa wema. Bernardine aliinama juu ya karatasi. Leo ni rahisi kwetu kusema angefuta jina moja akanyamaza, au angeapa kwamba orodha nzima ni takataka. Lakini alikuwa mama, na alikuwa mwalimu aliyesahihisha makaratasi miaka ishirini. Jina la kwanza kabisa halikuwa na kijiji. La pili lilikuwa na kijiji cha la kwanza. Aliliona kosa mara moja, na likamtoka mdomoni kwa furaha ya mtu aliyeokolewa.

«Colonne ya nne ilishuka mustari moja! Muntu wa mashini aliruka wa kwanza. Kila kijiji iko ya jina ya juu yake.»

Octave alitazama, na uso ukamfunguka. Akatoa kalamu mfukoni, akachora mshale mmoja wa kwenda juu kando ya safu, akafanya vivyo hivyo ukurasa wa pili, na wa tatu, hadi wa mwisho. Bella akawa wa Runingu. Juu yake, Alliance, ambaye mashine ilikuwa imempa Katogota, akawa wa Bijombo, na wenzake kumi na wanane pamoja naye.

«Octave, ngoja. Nipe iyo kartasi.»

«Aksanti, Madame. Sasa yote iko juste.»

Aliikunja, akatoka. Gari la askari likaunguruma barabarani. Bernardine alipogeuka alimkuta Bella amesimama kwenye mlango wa jikoni, sahani mkononi, amesikia yote tangu mwanzo.

«Maman,» akauliza, «na Alliance?»