Maame Dufie Anasikia Baridi

Jumanne asubuhi Boakyewaa alikuwa akipanga kwenye kompyuta bango la mazishi la Maame Dufie, dukani kwake Asafo, Kumasi, na kente, lile vazi la fahari la Ghana, haikutaka kutulia. Kila alipoiweka begani mwa marehemu, ilipanda shingoni ikafunika na masikio. Akafungua ukurasa upya. Akapandisha ubora wa picha. Akazima ile kadi ya michoro ya kompyuta ambayo husingiziwa kila kitu, akawasha mashine upya, akaenda kunywa uji. Aliporudi, Maame Dufie alikuwa amejikunyata ndani ya fremu, kente ameivuta hadi puani, na kioo cha kompyuta kilikuwa baridi kama chuma cha asubuhi.

"Mama yako bado yuko kwenye friji ya mochwari?" Boakyewaa akamuuliza Konadu, binti wa marehemu, aliyekuja kukagua kazi.

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Basi ndiyo hivyo. Wanaokaa sana huwa hivi. Mimi nikahangaika bure na kadi."

Konadu aliona aibu. Ndiye aliyemwogesha mama hadi siku ya mwisho, na mama alimwomba jambo moja tu: asiachwe kwenye baridi, azikwe upesi. Konadu aliitikia. Ahadi ni deni, lakini mwenye sauti alikuwa kaka yake, Ntiamoah, aliyeko Hamburg. Huyo alisema mama wa mtu kama yeye hawezi kuagwa kwenye nyumba isiyo na vigae. Vikaja vigae, zikafuata nguzo, sasa ilikuwa roshani. Mama alipokuwa hai chumba chake kilivuja, na halikutumwa hata bati moja.

Konadu akampigia simu.

"Kaka, mama anasikia baridi. Tumzike Jumamosi hii, nakuomba."

"Nani kakwambia?"

"Yuko hapa kwenye kompyuta, anatetemeka."

"Hebu nipe mwenye duka. Dada, habari za kazi? Ukichapisha, anatokaje?"

Boakyewaa alikuwa ameshatoa nakala ya majaribio. Kwenye karatasi Maame Dufie alikaa wima, kente begani, dhahabu shingoni, akitabasamu.

"Anatoka safi," akasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Sasa shida iko wapi? Ni kioo chako hicho kimezeeka, dada. Halafu tarehe ya mazishi ifute, mafundi wa roshani hawajamaliza. Tutaangalia baada ya Krismasi."

Boakyewaa akafuta tarehe. Maame Dufie akapatazama pale ilipokuwa, kisha akamtazama mwanawe.

"Usiizime, dada," Konadu akasema.

"Siizimi. Kaa."

Boakyewaa akahamia kompyuta nyingine, maana kulikuwa na kadi za harusi zikisubiriwa. Konadu akavuta kiti, akabandika viganja vyote viwili kwenye kioo ili kumpasha mama joto. "Nisamehe, mama," akasema. "Nimewaambia. Nimewaambia wote." Alilia bila kuondoa mikono. Vidole vikaanza kufa ganzi, kucha zikabadilika rangi.

Maame Dufie aliviona. Akaivua kente taratibu, akaikunja mara mbili, akaibana kwenye kioo kwa upande wake, palepale penye viganja vya mwanawe. Kisha akakaa hivyo, mabega wazi, akitetemeka.