Kinyozi Mwenye Jina Kubwa

Mjini pale jina lile lilikuwa kama vumbi, huwezi kulikwepa. Barabara kuu ni yake, hospitali ni yake, uwanja wa mpira ni wake, na kiwanda kimoja kisicho na haya kililibandika kwenye sabuni ya kufulia. Mwenyewe, mtu mkubwa wa zamani, alikuwa amekufa kitambo, lakini nani alimwacha apumzike? Na kwenye barabara yake hiyo, katika chumba chenye kioo kimoja na viti viwili, alikuwepo kinyozi aliyerithi jina hilohilo kwa babu yake, mpasua kuni asiyejulikana hata mtaa wa pili. Wateja walimwita Mheshimiwa. Siku moja lori lilimshushia magodoro ya hospitali mlangoni, na dereva akagoma kuyapakia tena, eti jina si hili hapa juu kwenye bango?

"Yule ni babu yako?" wageni walimuuliza.

"Yeye kapewa barabara," alijibu, "mimi nimepewa vichwa vya wanaopita juu yake. Nani kamzidi mwenzake?"

Kwa vichwa hivyo alimsomesha mwanawe wa pekee, mama mtu akiwa ametangulia mbele ya haki. Kijana akawa wakili. Alipopata ofisi nzuri akaanza kuonekana kwa nadra, na baba akamtetea kwa majirani: ana kazi nyingi, mtoto hafungwi kamba. Mapenzi ni upofu, na huyu alikuwa kipofu wa macho yote mawili.

Kinyozi alikuwa na mwiko mmoja: wembe ukiwa shingoni mwa mtu, haulizi wala habishani. Basi siku moja karani mmoja mgeni, povu likiwa limemjaa kidevuni, akamwaga maneno.

"Mzee, bango lako limenichekesha. Bosi wetu wakili naye ana jina hilo, ila yeye ni damu halisi, mjukuu wa mwenye barabara. Anaoa karibuni. Bahati mbaya baba yake alifia ng'ambo, alikuwa balozi. Masikini, baba kamjua kwa picha tu."

"Enhe," alisema kinyozi.

Alimaliza kidevu, akampaka spiriti, akamuaga. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akajitazama kwenye kioo akitafuta alikosea wapi. Heri mtoto angesema baba yake ni mlevi. Mlevi si yuko hai?

Jumamosi wakili alikuja kunyolewa, suti imemkaa sawasawa. Baba alimkata nywele kimya hadi mwisho. Alipoweka mkasi mezani ndipo alipouliza.

"Mwanangu, nilikufa kwa ugonjwa gani?"

Kijana aligeuka kitini.

"Maana kwenye mazishi yangu sikualikwa."

"Baba, hayo ni maneno ya ofisini tu. Jina lile linafungua milango. Wewe hupungukiwi na kitu."

"Napungukiwa na mtoto."

Kabla hajajibiwa, mlango ulifunguliwa. Aliingia mchumba wa wakili, amechoka kusubiri garini.

"Shikamoo, mzee. Huyu kaniambia wewe ndiye kinyozi wake tangu shuleni. Kumbe mna jina moja! Mna udugu?"

Wakili alimtazama baba yake kwenye kioo kwa macho ya kuomba. Hasira ilimpanda mzee. Neno moja tu lingetosha kuivunja harusi ile, naye alikuwa nalo mdomoni. Alilimeza, likampita kwa uchungu.

"Marahaba, binti yangu. Hapana, si ndugu. Nilikuwa na kijana wangu mwenye jina hilo. Amefariki."

"Jamani! Lini?"

"Wiki hii hii."

"Alikuwa anaumwa?"

"Ilimwanza zamani. Mimi ndiye niliyechelewa kujua."

Macho ya binti yalilengwa na machozi. Alimgeukia mchumba wake. "Umekaa tu? Mpe mzee pole."

Wakili aliinuka, kitambaa cha kunyolea kikiwa bado shingoni. Alinyoosha mkono huku akitazama sakafu.

"Pole, mzee."

Baba aliupokea mkono ule kama angeupokea wa mpita njia yeyote.

"Asante, wakili," alisema, akamfungua kitambaa.