Spika za Mama Vifungo

"Basi sema tu mimi mwizi," msusi alisema, kasimama mlangoni na kitana kimechomekwa kwenye nywele zake. "Jirani wa ukuta mmoja, leo nimekuibia redio?"

Mama Vifungo, fundi cherehani ambaye mdomo wake haukukosa pini wala umbea, alimjibu kwamba hajasema anaiba, kasema anaingilia. Redio ile kubwa ya marehemu mumewe aliifungia kidude cha bluetooth mwezi uliopita, na msusi mwenyewe ndiye aliyekijaribu kwa simu yake. Tangu hapo, kila Mama Vifungo akizima simu, kidude kinaikimbilia ya msusi ng'ambo ya ukuta, na spika zinamwaga sebuleni nyimbo zake na ujumbe wa sauti wa wateja wake. Mwanzoni watu walicheka mpaka wakasahau vipimo. Mama Vifungo naye alikuwa akizima simu makusudi, apate kujua nani kaachika.

Leo hakucheka mtu. Saa sita mchana, nyumba imejaa wanawake wanaoshonewa sare za harusi, spika zilitoa sauti ya binti yake Mama Vifungo. Miaka miwili hajaisikia, tangu alipomkataa mchumba wa binti huyo na kumwambia binti hapo hapo mlangoni asimwite tena mama.

"Shangazi, nimejifungua salama, wa kike," sauti ilisema, kwa jina alilozoea kumwitia msusi. "Mama asijue. Asije akamkataa na huyu."

Cherehani ikasimama.

"Mnaongea tangu lini?" Mama Vifungo alimuuliza sasa msusi pale mlangoni.

Msusi alishusha pumzi. Tangu wiki ile ile binti alipoondoka, alisema. Binti mwenyewe alimwapisha asiseme.

"Na chai yangu unakuja kunywa kila asubuhi."

"Ningekwambia, ungemtukana kwa simu yangu mimi."

Ndani, wateja walijifanya wanatafuta mikoba yao. Msusi akatoa simu mfukoni, akasema anakifuta hicho kidude sasa hivi, yaishe.

"Usikifute."

Mama Vifungo alizima simu yake, akaitupa kwenye droo ya nyuzi. Akavuta kiti, akakiweka karibu kabisa na redio.

"Chakula kiko mezani," alisema bila kumtazama. "Ingia ule. Na simu yako uje nayo."