Pumzi Haikuulizwa

Agathe aliamka ameketi, mgongo ukutani, mito miwili nyuma yake, kama kila asubuhi tangu apasuliwe moyo. Akilala chali, anazama kama mtu aliyetupwa majini. Mumewe alivumilia mihemo ile, kisha akahamia kwa kaka yake mtaani Simi-Simi, eti kwa muda tu. Agathe aliteka nusu ndoo, akapumzika mlangoni, akapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi kwa daktari wa serikali anayekagua walimu.

Moyo wenyewe ulipona. Waliompasua, huko ng'ambo, walimweleza ukweli: mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo, ule msuli wa pumzi chini ya mbavu, uliumia upande wa kushoto. Huenda ungeamka baada ya miezi. Hadi hapo aliomba kazi ya ofisini. Darasa lake, katika shule ya mtaa wa Kabondo, lina watoto themanini, na sauti haitoki bila pumzi.

"Lala pale, mama," daktari alisema, macho kwenye simu.

"Siwezi lala, docteur. Nikilala, pumzi inakatika."

"Alors, nitakupima namna gani? Mutu ya kupima analala."

Akalala. Daktari akasikiliza kifua, akatabasamu. "Eh! Moyo iko inapiga kama ngoma ya ndoa. Bazungu balitumika muzuri!"

Agathe akamshika mkono, akaubandika chini ya mbavu za kushoto. "Navuta… ona… tumbo inaingia."

Mkono ukatulia pale: tumbo lilizama palipopaswa kutuna. Daktari akakunja uso, alikuwa ameihisi hitilafu. Kisha akauondoa polepole.

"Mama, hapa baliniuliza moyo. Moyo iko bien. Nikiandika ingine, bakubwa batasema nakuficha. Lundi asubuhi, juma ikianza, uko mu darasa. Batu mingi banatafuta hiyo kazi yako."

Muhuri ukashuka: *APTE*. Anaweza kazi.

Aliketi ukingoni mwa kitanda hadi giza likamtoka machoni. Nje, walimu waliojipanga mstari waliona karatasi mkononi mwake. Mwalimu Sikujua, wa darasa la jirani, akaruka kwa furaha.

"Maîtresse, mwalimu yetu, amefufuka! Bon, dimanche kanisani utatoa ushuhuda, na utatuimbia!"

Mstari mzima ukapiga makofi. Wote walikuwa wamefunga na kumwombea.

Agathe alikuwa na mengi ya kuwaambia. Pumzi ilitosha neno moja.

"Bado."

Wakacheka, wakidhani ni mzaha, wakazidi kupiga makofi.