Jigi ya Buti Moja

Kila ilipowadia wiki ya shule ya muziki, mwezi wa saba, Murty Talty alifunga kimkoba chake akaenda kwa dada yake kule Ennis, na hakurudi mpaka gari la mgeni wa mwisho litoke kijijini. Watu wa Kilfarran, kijiji kimoja cha pwani ya Ireland, walikwisha kuzoea, wala hakuna aliyemwuliza kitu. Mkewe Carmel alibaki nyumbani, akapangisha chumba cha juu kwa mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, akamwandalia chai asubuhi na jioni, na wiki ikapita kama zinavyopita wiki nyingine.

Mwaka huu Murty alivunjika nyonga. Aliteleza uani akiwapelekea ndama maziwa, akalala matopeni na ndoo yake mpaka Carmel alipomsikia akitukana. Hospitali walimtia chuma, wakamrudisha na magongo mawili. Ngazi hakuziweza, na nyumba ya dada yake ilikuwa ngazi tupu. Kitanda chake kikashushwa sebuleni, moja kwa moja chini ya chumba cha mgeni.

"Nimpigie simu huyo mwanamke aliyepanga chumba asije?" Carmel aliuliza.

"Mwache aje. Mimi si mtoto mchanga."

"Murty, jigi ile wanaijua wote siku hizi. Ndiyo wanayoanza nayo."

"Nimesema mwache aje," alijibu, akageukia ukuta.

Mgeni aliitwa Signe, mkunga kutoka Denmark, mwanamke mrefu mwenye adabu nyingi na filimbi ya mbao aliyoifunga kwa soksi ya sufu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Carmel alimpenda papo hapo, na jambo hilo likamzidishia wasiwasi.

Jioni ya kwanza walikunywa chai jikoni wawili tu, Murty akiwa kajifungia na redio yake.

"Mwalimu wetu ni kijana mzuri sana, Fiachra," Signe alisema huku akipaka siagi. "Anasema kila mtu ana jigi zake za moyoni, na mwanafunzi aanze na zile anazozipenda, siyo zile rahisi. Anatufundisha anazozipenda yeye. Kesho tunaanza ile iitwayo Buti Moja. Unaijua, Mama Carmel?"

"Naijua," Carmel alisema. "Ongeza mkate."

Angewezaje kutoijua? Senan, mtoto wao, alipokuwa mchanga alisumbuliwa na tumbo, halali wala halazwi. Murty, ambaye enzi hizo hapakuwa na mpiga fidla aliyemshinda kutoka hapo mpaka mto Shannon, alimbeba mtoto mpaka mikono ikafa ganzi, kisha akamweka mapajani mwa mama yake, akachukua fidla. Alipiga tu, bila kutafuta, na jigi ikatoka. Jigi ni muziki wa kuchezea dansi, mapigo yake huenda matatu matatu, kama mtu anayeteremka kilima mbio huku akijizuia asianguke. Lakini hii sehemu yake ya pili ilipanda mara mbili, na mara ya tatu, pale sikio linapongoja ipande tena, ikasita, ikarudi chini taratibu. Ndivyo alivyokuwa akipumua Senan usingizi unapomshika: kwikwi, kwikwi, halafu kimya. Murty aliifundisha baani kwa Hehir, na kila mpigaji wa kijijini akaishika.

Senan alipofika miaka kumi na saba alikwenda miambani kuchuma mwani wa kula, siku ambayo bahari ilionekana imetulia. Wimbi lilikuja peke yake. Walitafuta kwa mashua na kwa helikopta, na wanaume wa Kilfarran walitembea ufukweni bega kwa bega, na bahari haikurudisha kitu ila buti moja la kushoto. Hakuna kaburi. Murty aliiweka fidla juu ya kabati la chumbani na hakuishusha tena.

Wenzake waliendelea kuipiga jigi ile, kwa heshima, maana hawakuwa na njia nyingine ya kulia. Ila hakuna aliyethubutu kulitaja jina la kijana. Mtu akitaka ianzishwe alinong'ona tu, "Ile ya buti." Wageni wakasikia, wakaichukua na jina hilo hilo. Bendi fulani ikairekodi, ikaingia kwenye simu za watu, ikaenda Boston na Tokyo na Copenhagen. Jina lilisafiri, maana yake ikabaki Kilfarran.

Siku iliyofuata, baada ya chai ya jioni, filimbi ilianza juu. Carmel alisimama kwenye sinki mikono ikiwa majini. Signe alipiga sehemu ya kwanza polepole, akajikwaa, akarudia. Sehemu ya pili ikapanda mara mbili, na mara ya tatu ikapanda vilevile, laini, bila kusita, kama wanavyoipiga wote siku hizi. Carmel aliwasha mashine ya kufagilia zulia, akafagia ukumbi uliokuwa safi. Alipoizima, filimbi ilikuwa bado inaendelea. Akapanda ngazi.

"Samahani, mwanangu. Mzee anaumwa, anahitaji kupumzika."

Signe akawa mwekundu uso mzima. "Napiga vibaya sana, siyo?"

"Hapana, hapana. Hupigi vibaya."

Lakini Signe alichukua filimbi yake akaenda kufanyia mazoezi kwenye banda la trekta, mvua ikinyesha. Carmel aliporudi chini alimkuta Murty ameketi kitandani, redio imezimwa.

"Mbona umemfukuza?"

"Kwa ajili yako, bwana."

"Nani alikuomba?" Akaashiria dari kwa kidole. "Hawasiti pale, Carmel. Wamemnyoosha mtoto kama shuka."

Akawasha redio tena. Walikuwa wamekaa miaka mingi katika ndoa ambamo neno moja lilifungiwa chumba, na kila mmoja akipita mlango ule kwa ncha za vidole.

Asubuhi ya tatu Murty alitoka na magongo yake, akaja kukaa mezani. Labda alitaka kumwonyesha mgeni kwamba hana neno naye. Alimsogezea sahani ya soseji, akamwuliza habari za watoto wanaozaliwa Denmark, akacheka kwa kitu alichoambiwa. Carmel alianza kupumua. Signe naye, kwa furaha ya kukaribishwa, akaona alipe uchangamfu kwa uchangamfu.

"Mzee Talty, Fiachra ametusimulia kisa cha jigi ile! Kulikuwa na mlevi mmoja wa pande hizi hizi, alikwenda dansini akarudi na buti moja, mkewe akamchapa nalo mpaka asubuhi. Ndiyo maana tukiipiga tunagonga mguu mmoja tu. Hivi!" Akagonga sakafu kwa kisigino. "Unamjua huyo mlevi?"

Carmel alitaka kumziba mdomo, lakini maneno yakimwagika hayazoleki.

Murty aliweka kikombe chini. "Namjua," alisema. "Hakuwa mlevi. Alikuwa ameweka nadhiri kanisani ya kutokunywa, na pini ya nadhiri hiyo kifuani. Pombe hakupata kuionja." Akashika magongo. "Carmel, lete funguo za gari."

"Murty, tafadhali."

"Lete funguo, au nitakwenda kwa miguu."

Darasa lilikuwa katika shule ya msingi. Carmel alisikia kicheko na kishindo tangu uani, du, du, du, na filimbi na fidla juu yake. Murty alisukuma mlango kwa gongo. Watu wazima kutoka kila pembe ya dunia walikuwa wamekalia viti vya watoto, magoti yamefika kifuani, na kila mmoja amevua kiatu kimoja. Viatu vile walivipanga ukutani, chini ya michoro ya watoto: buti, raba, viatu vya kike, kila kimoja bila mwenzake.

Murty aliviangalia. Fiachra, kijana wa Dublin mwenye ndevu chache na uso wa kupenda watu, aliruka kwa mguu mmoja akija kuwapokea.

"Karibuni, karibuni! Nyie ndio wenyeji wenye mambo. Mzee, vua kimoja ukae nasi!"

Carmel alimwona mumewe bado kavikazia macho viatu vile, akajua kwamba hatasema. Basi akasema yeye. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Buti lilikuwa la mwanangu. Anaitwa Senan Talty. Alichukuliwa na bahari kule miambani, tukarudishiwa buti. Jigi hii baba yake alimtungia alipokuwa mtoto, hataki kulala. Hakuna mlevi. Hapakuwa na mlevi."

Fiachra alibaki kasimama kwa mguu mmoja, rangi imemtoka. "Mama, mimi sikujua. Nilisikia hivyo kwa mtu. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua."

Watu waliinama kutafuta viatu vyao, hakuna aliyetazama mwenzake. Mwanamke mmoja alikuwa analia. Hapo ndipo Murty alipopata sauti.

"Msiipige tena," alisema. "Iacheni."

"Hatutaipiga, Mzee. Naapa."

Carmel alimgeukia mumewe. Hilo hakulitarajia, na lilimchoma kuliko kile kisa cha mlevi.

Ndani ya gari alishika usukani bila kuwasha. "Kwa nini umewakataza?"

"Ulitaka niwapigie makofi?"

"Nilitaka waambiwe, basi. Sikutaka ifungwe." Akageuka kumtazama. "Kila mwaka unapokwenda Ennis, mimi huegesha gari hapo nje kwa Hehir na kushusha kioo. Nangoja mpaka waipige. Kaburi sina, Murty. Sina pa kupeleka ua. Wakiipiga, namsikia amelala mapajani mwangu."

Murty alitazama mbele, kwenye ukuta wa shule. "Mimi wakiipiga nasikia maji," alisema. "Nasikia maji tu. Wewe una kitu. Mimi nilikitengeneza mwenyewe na sina."

Carmel aliwasha gari wakarudi.

Habari ilienea kijijini kabla ya chakula cha mchana. Wiki nzima iliyobaki hapakupigwa jigi ile, si baani, si barabarani, si kwenye hema la dansi. Siku moja jioni Carmel alimwambia mumewe wazi kwamba anakwenda kwa Hehir, akaegesha mahali pake, akashusha kioo. Walipiga jigi mbili zilizozoea kuitangulia ile, na mwisho wa ya pili, pale mikono yote ilipokuwa ikitaka kuingia mlango wa kawaida, muziki ulianguka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Mtu alikohoa. Josie Garrihy, mpiga kinanda cha mkono aliyekuwa amemfundisha Senan kusoma, alitoka nje na sigara yake, akamwona, akainamia dirisha la gari.

"Tumekuwa kama wenye maiti nyumbani, Carmel. Tunazunguka tu."

"Murty kayasema kwa uchungu, Josie."

"Na wewe je? Wewe ulisemaje?"

"Mimi sikuulizwa."

Josie alivuta moshi. "Basi hapo ndipo palipoharibika," alisema, akarudi ndani.

Jumamosi asubuhi Signe alikuwa uani na mizigo yake, akingoja basi. Alikuwa amekonda uso wiki ile. Alikuwa ameomba msamaha mara nyingi, kwa maneno na kwa kuosha vyombo, mpaka Carmel akamkataza.

"Nitaifuta kwenye simu yangu," Signe alisema. "Kutoka kichwani sijui kama nitaweza."

"Usiifute."

"Lakini mzee..."

"Mzee kasema yake. Mimi nakwambia yangu. Wewe unapokea watoto, unajua mtoto anavyopumua usingizi ukimjia. Ile mara ya tatu haipandi. Sikiliza."

Carmel hakuwahi kushika ala maishani mwake. Lakini alikulia kwa bibi ambaye nyumbani mwake hapakuwa na fidla, na watu walichezeshwa kwa mdomo, maneno yasiyo na maana yakikimbizana ulimini. Alianza kwa sauti ya chini, pale kati ya banda na dirisha la sebule. Sauti ilikwama, akaanza upya. Sehemu ya kwanza, tena ya kwanza. Ya pili ikapanda, ikapanda, na mara ya tatu akaisitisha, akaishusha taratibu kama mtu anayeondoa mkono chini ya kichwa kilicholala. Signe hakurekodi. Alisikiliza kafumba macho, kisha akairudia naye kwa mdomo, akasita mahali penyewe.

"Hivyo hivyo," Carmel alisema. "Na ukiipiga huko kwenu, sema jina lake."

Basi lilipoondoka Carmel aligeuka. Dirisha la sebule, alilokuwa amelifungua mwenyewe asubuhi ili mgonjwa apate hewa, lilikuwa limefungwa.

Mchana alitenga viazi, kabichi na nyama ya chumvi. Murty alikuja mezani kwa magongo, akakaa, akamenya kiazi chake kwa muda mrefu.

"Nimekusikia," alisema mwisho.

"Nilijua utanisikia."

"Usirudie tena nikiwa ndani."

Carmel aliweka uma chini. "Nitarudia, Murty. Si kila siku. Lakini nitarudia, nyumbani mwangu, na Josie nitamwambia waipige kwa Hehir. Wewe utafunga dirisha, sitakulaumu. Ila usinifungie mimi."

Alimtazama mkewe kana kwamba mgeni ndiye aliyekaa pale. Carmel alingoja asimame, au arushe kitu, au alie. Hakufanya hata kimoja. Aligawa kile kiazi alichokimenya, nusu akaiweka kwenye sahani ya mkewe, akamsogezea siagi. Kisha wakala, na nje mvua ikaanza tena.