Mwonjaji wa Vitabu Vipya

Baba mkwe wangu ndiye aliyekuwa mwonjaji wa maktaba yetu. Jina hilo nilimpa mimi kwa utani, naye akalipenda kuliko hata lile alilopewa na wazazi wake. Vitabu vipya vikiletwa, hakuna kilichopanda rafuni kabla yeye hajakisoma na kuamua kama kiende upande wa watu wazima au upande wa vijana. Maktaba nyingine huamini maneno ya mchapishaji. Sisi tulimwamini mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mkali kama pilipili, aliyekuwa akisema kwamba mpishi hajui tumbo la mlaji.

Makasha yakifika, mimi nayafungua, napiga mihuri, nabandika namba, kisha kila kitabu nakivika nailoni. Baba anakuja na kikapu chake, anavibeba kwenda navyo nyumbani. Baada ya siku chache anavirudisha: vya watu wazima amevifunga utepe, vya vijana amevilaza hivihivi. Haandiki kitu wala hatoi maelezo. Ukimuuliza kwa nini hiki kimefungwa, anakutazama kama mwanafunzi aliyechelewa darasani na kukujibu, "Nimekisoma." Basi, mjadala umekwisha.

Mama mkwe alipofariki, tuliogopa kwamba mzee atamfuata. Watu wa aina yake hawalii, wanakauka tu. Alijifungia ndani na madirisha yote kayafunga, na chakula nilichompelekea mchana nilikikuta jioni kimepoa vilevile. Kilichomtoa ndani ni vitabu. Mume wangu alimwambia makasha mapya yamefika, na kesho yake asubuhi mzee huyo mlangoni, kikapu mkononi, shati limepigwa pasi upande mmoja. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakanigeukia. Nilijua kabisa kwamba kazi ile ikimtoka, tutamzika na yeye.

Tangu hapo akawa anakawia kuondoka. Alikuwa akivuta kiti karibu na meza yangu, anapapasa majalada, kisha ananiambia, "Mwanangu, hebu nisomee hapa nyuma. Miwani nimeisahau." Namsomea huku nanung'unika moyoni, maana watu wamepanga foleni wananisubiri. Siku nyingine humwomba msomaji yeyote aliye karibu. Nikajiambia ni upweke, mgane hutafuta sauti ya mtu. Na hata kama ningeshuku kitu, mkwe anaanzaje kumwambia baba mkwe kwamba macho yake yamekwisha? Maneno mengine hayana mlango wa kutokea.

Kitabu kilichotumaliza kilikuwa chembamba, jalada la kijani, picha ya msichana amempakata mbuzi. Maneno ya nyuma yalikuwa matamu: msichana, mbuzi wake, na likizo ambayo hataisahau. Nilimsomea Baba mimi mwenyewe. Kikarudi kimelala kikapuni bila utepe.

Kilichukuliwa na binti mmoja wa darasa la sita, mpole, msomaji wetu wa kila Jumamosi. Baba yake alikuwa amejinyonga mwaka uliopita, na binti huyo ndiye aliyemkuta. Mtaa mzima ulijua. Sasa mle kitabuni, katikati, msichana anakwenda bandani asubuhi kumwamsha mbuzi wake, anamkuta baba yake ananing'inia. Mwandishi hakuona haya wala huruma. Aliandika kila kitu, mpaka ulimi, mpaka kiatu kilichoanguka.

Binti alisoma hadi pale, akakifunga kitabu, akaacha kusema. Hakumjibu mama yake, hakumjibu mwalimu wake, hata jina lake akiitwa hakuitika.

Mama yake alikuja Jumanne, maktaba imejaa. Ni fundi cherehani, na pini zilikuwa bado zimechomekwa kifuani pa blauzi yake. Alikiweka kitabu mezani kwangu.

"Nani amesema hiki ni cha watoto?"

Nilifungua mdomo. Ningeweza kusema ni sisi sote, au ni bahati mbaya, au aje kesho amwone mkuu wa maktaba. Lakini Baba alikuwa palepale dirishani, akainuka.

"Ni mimi, mama."

"Ulikisoma?"

"Nilikisoma."

"Chote?"

"Neno kwa neno."

Nikamgeukia. Macho yake yalikuwa yameelekea begani kwa yule mama, hayakuwa usoni kwake. Hapo ndipo yote yakanijia kwa mkupuo: miwani inayosahauliwa kila siku, na mama mkwe ambaye sauti yake ilikuwa imekauka kila tulipomtembelea, tukidhani ni kifua. Kumbe ni yeye aliyekuwa akimsomea mumewe vitabu vyote vile, tangu mwanzo hadi mwisho, na siri akaenda nayo kaburini. Nilishikwa na hasira kiasi cha kutaka kumtikisa mtu mzima yule mabega.

"Kwa hiyo uliyasoma haya," mama wa binti akasema, "na unajua hapa mtaani kuna mtoto aliyemkuta baba yake hivihivi, ukaona yanafaa?"

Watu waliacha kusoma. Baba akisema kweli, hana tena kazi, anarudi kwenye madirisha yake yaliyofungwa. Akishikilia uongo wake, basi ni mtu mwenye roho mbaya.

"Nilisoma nikaona yanafaa. Mtoto lazima aijue dunia."

Mungu anisamehe, nilimchukia. Alikuwa radhi aitwe katili kuliko aitwe kipofu.

Yule mama hakupiga kelele. Alikichukua kitabu akamtia mikononi.

"Nionyeshe. Nionyeshe huo ukurasa ulioona unamfaa mwanangu."

Baba akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Midomo yake ilichezacheza kama ya mtu anayesoma kimyakimya, akaigiza vizuri mpaka nikatamani aweze. Halafu akaweka kidole.

"Ni hapa."

Njia ya mwongo ni fupi. Pale kidole kilipotua palikuwa na picha ya mbuzi, ukurasa mzima, bila hata neno moja.

Mama akakitazama kile kidole, akamtazama usoni. Akapunga mkono taratibu mbele ya macho yake.

"Huoni," akasema. "Mzee wangu, wewe huoni."

Mtu mmoja kwenye meza za nyuma alicheka kicheko cha aibu. Nilimwendea Baba nimshike, akautoa mkono wangu.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Miaka. Mke wangu alikuwa ananisomea."

Nilidhani yameisha. Nilidhani atamhurumia, kama watu wanavyowahurumia wazee, amwambie hukukusudia na aende zake. Badala yake alivuta kiti, akakaa mbele yake magoti yakikaribia kugusana, akautafuta ukurasa. Akaanza kumsomea.

Hakuwa msomaji mzuri. Aliyakata maneno marefu vipandevipande, akarudia. Lakini hakuruka kitu. Alisoma banda, alisoma kamba, alisoma ulimi na kiatu. Sauti ilipomkwama alingoja mpaka irudi, akaendelea. Mimi sikumzuia, na hakuna mwingine aliyemzuia. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. Kwenye msiba wa mkewe sikuyaona.

Mama akafika mwisho, akafunga kitabu.

"Nisingekipitisha," Baba akasema.

"Najua."

"Mtoto amesema chochote?"

"Bado."

Akainuka, akarekebisha kanga begani, akatoka. Wasomaji wakainamia vitabu vyao, lakini sikusikia hata ukurasa mmoja ukifunuliwa.

Njia ya kwenda nyumbani kwake Baba aliijua kwa miguu. Alikuwa akija na kuondoka peke yake, mvua au jua, na hakuna aliyewahi kumwona akijikwaa. Siku hiyo alisimama katikati ya rafu za watu wazima na rafu za vijana, akanyoosha mkono hewani mbele ya watu wote.

"Nishike, mwanangu," akasema. "Sijui mlango uko wapi."